Shajara ya Mradi: Ratiba Moja kwa Mashirika Matano

12 Januari: Tunapoanzia

Shajara hii inaandikwa kwa ajili ya yeyote atakayepewa kazi kama tuliyopewa sisi, yaani kukusanya ratiba za mashirika ambayo hayana bosi mmoja na kutoa humo jibu moja kwa swali moja. Swali letu ni hili: maji yatafika lini kwenye matangi? Mradi una mtambo wa kusafisha maji, kituo cha pampu, bomba kuu la kilomita 12.4 na matangi mawili. Mashirika ni matano: mmiliki, mshauri wa usanifu, mkandarasi wa ujenzi, mkandarasi wa mitambo na umeme, na kampuni ya mifumo ya udhibiti. Mimi na mwenzangu mmoja tuko upande wa mmiliki, na hatuna mamlaka ya kumwamuru mtu yeyote atumie programu fulani, kwa kuwa mikataba ilikwisha kusainiwa bila kifungu kinachohusu jambo hilo.

Mkandarasi wa ujenzi na mshauri wanatumia Microsoft Project, mkandarasi wa mitambo anatumia Primavera P6, na kampuni ya udhibiti inatunza ratiba yake kwenye Excel. Tulipozihesabu kazi zote zilizomo katika ratiba hizo nne tulipata zaidi ya 2,300. Kila ratiba, ukiisoma peke yake, inaonyesha mradi utakwisha kwa wakati.

Hesabu yenyewe si ngeni. Mbinu ya njia muhimu, yaani kutafuta mfuatano wa kazi unaoamua siku ya mwisho ya mradi, ilibuniwa mwaka 1957 na wataalamu wa DuPont na Remington Rand, na PERT, mbinu nyingine ya ratiba inayofanana nayo, ikafuata mwaka 1958 kwa ajili ya makombora ya Polaris ya Jeshi la Majini la Marekani. Programu tunazotumia leo bado zinapita njia ile ile: zinakwenda mbele kutoka mwanzo wa mradi kutafuta tarehe ya mapema kabisa ya kila kazi, kisha zinarudi nyuma kutoka mwisho kutafuta tarehe ya mwisho inayovumilika, na tofauti ya tarehe hizo mbili ndiyo tunayoiita muda wa akiba. Nililieleza jambo hili katika kikao cha kwanza kwa sababu mkuu mmoja alikuwa na matumaini kwamba programu ya bei kubwa zaidi ingemaliza tatizo letu. Hatukuinunua.

Gharama nitaziandika kwa siku-kazi, yaani siku moja ya mtu mmoja, kwa kuwa hicho ndicho kipimo ambacho msomaji wa mradi mwingine anaweza kukilinganisha na chake.

5 Februari: Faili moja kubwa (limeshindikana)

Wazo la kwanza lilikuwa lile linalomjia kila mtu: kuyamwaga mafaili yote katika faili moja la P6 na kuliacha lijipigie hesabu. Mafaili ya P6 huhamishwa kwa muundo wa XER, ya Microsoft Project kwa XML, na Excel tuliiingiza kwa mkono. Kuingiza kulikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia, na hapo ndipo tulipodanganyika.

Kosa la kwanza lilihusu siku. P6 huhifadhi muda wa kazi kwa saa, kisha huugeuza kuwa siku kwa ajili ya kuonyesha tu, kulingana na idadi ya saa kwa siku ambayo mtumiaji ameiweka. Mkandarasi wa mitambo anafanya kazi saa 10 kwa siku, siku sita kwa wiki. Sisi tuliweka saa 8. Kazi ya kufunga pampu, ambayo kwake ni saa 120 sawa na siku 12, ilionekana kwetu kuwa ya siku 15. Mwenzangu aliona tofauti hiyo na karatasi waliyotutumia, akadhani ni hitilafu ya kuingiza, akaandika 12 kwa mkono. Programu ikazigeuza siku hizo 12 kuwa saa 96, na juu ya kalenda ya saa 10 kazi ile ikabaki siku 9.6. Alifanya hivyo kwa uaminifu mkubwa katika kazi 41. Tulipowatumia matokeo, mhandisi wao wa mipango alinipigia simu akauliza kwa upole, “Mheshimiwa, mmetupunguzia moja ya tano ya kazi yetu, je, mmetuongezea mafundi?”

Marekebisho yalikuwa kuanza upya kwa kufuata mpangilio mwingine: kwanza kalenda za kila shirika ziingizwe na kuhakikiwa, kisha muda wote upokelewe na kutolewa kwa saa. Faili la XML la Microsoft Project linarahisisha jambo hili, kwa sababu ndani yake muda wa saa 120 umeandikwa PT120H0M0S na hauna utata wowote wa siku. Anayeiga kazi hii afungue faili kama hilo kwa kihariri cha maandishi hata mara moja, aone kilichohifadhiwa hasa badala ya kile ambacho skrini imeamua kumwonyesha.

Kosa la pili lilitoka kwenye Excel, nalo lilikuwa la tarehe. Mwandishi wa kampuni ya udhibiti anaandika siku kabla ya mwezi. Kompyuta yetu ilisoma mwezi kabla ya siku. Tarehe zenye siku iliyozidi 12 ziligoma kuingia, nasi tukazirekebisha mara moja. Zile ambazo siku yake ni 12 au chini ziliingia kimyakimya zikiwa zimegeuzwa, na tulizikuta saba siku kumi baadaye. Tangu hapo kila tarehe inayovuka mpaka wa shirika huandikwa mwaka, mwezi, siku, kwa utaratibu wa ISO 8601, bila kujali kila ofisi inapenda nini ndani kwake.

Hata hivyo si makosa hayo yaliyoliua faili kubwa. Lilikufa kwa sababu tulipomaliza kulisafisha, mashirika matatu kati ya yale manne yalikuwa yamekwisha kuhuisha ratiba zao, na kazi yetu ikawa picha ya mwezi uliopita. Kulihuisha kungetaka siku-kazi tatu kila wiki, na zaidi ya hapo, hakuna mkandarasi aliyelitambua kuwa lake. Ukimwonyesha tarehe isiyompendeza anakujibu kwamba ratiba yake halisi iko ofisini kwake, na kusema kweli alikuwa na haki. Gharama: siku-kazi 22.

1 Machi: Mafaili yaliyounganishwa (yameshindikana kwa sehemu)

Tulijaribu njia ya pili: kila shirika libaki na faili lake, nasi tutengeneze faili mama la Microsoft Project ambalo ndani yake mafaili mengine yameingizwa kama miradi midogo, huku kazi za faili moja zikiunganishwa na kazi za jingine. Wanaotumia programu nyingine walitutumia mafaili yaliyogeuzwa, na taarifa za kila wiki tulizipitisha kwenye jedwali moja la mabadilishano.

Katika jedwali hilo tulitambulisha kila kazi kwa namba ya mstari wake. Naliandika kosa hili kwa urefu kwa sababu lilidumu wiki tatu bila kuonekana. Namba ya mstari hubadilika kila mtu anapoingiza au kufuta mstari juu yake. Mkandarasi wa ujenzi aliongeza kazi sita za ukuta wa kuzuia udongo, jambo la kawaida kabisa, na kila kilichokuwa chini yake kikashuka ngazi sita. Taarifa tuliyodhani inahusu sakafu ya chumba cha pampu ikawa inaandikwa kwenye uzio wa nje. Tarehe hazikupishana sana, rangi za chati ya Gantt, ile inayochora kila kazi kama mstari juu ya kalenda, zilikuwa zile zile, na hakuna aliyeshtuka mpaka msimamizi wa pampu alipouliza kwa nini anasubiri rangi ya uzio.

Microsoft Project ina namba ya pili ya kila kazi, ile ya utambulisho wa kudumu, ambayo haibadiliki mstari ukisogezwa. Tungeitumia hiyo tangu mwanzo tungeepuka aibu, lakini nayo haitoshi panapokuwa na mashirika mengi, kwa kuwa hudumu ndani ya faili hilo hilo tu. Faili likijengwa upya kutoka programu nyingine, namba hizo hutolewa upya. Tulichoamua ni kuwa na msimbo wetu wenyewe, ulioandikwa katika safu ya pekee ndani ya kila faili, wenye masharti mawili: haubadiliki, na haurudiwi hata kama kazi imefutwa.

Viungo viliporekebishwa, programu ilikataa kupiga hesabu. Ilisema kuna duru: kazi inayojisubiri yenyewe. Tulitumia siku nzima kutafuta kosa letu kabla ya kukubali kwamba duru hiyo ni ya kweli. Mkandarasi wa ujenzi alikuwa akisubiri michoro ya mwisho ya pampu ili amwage zege la misingi. Mtengenezaji wa pampu alikuwa akisubiri vipimo halisi vya misingi iliyokwisha kujengwa ili atoe michoro ya mwisho. Kila faili lilikuwa sahihi peke yake, na kila upande ulikuwa umeandika “inasubiri wengine” kwa dhamiri safi. Bila faili mama, wangesubiriana hadi mtu mmoja akasirike.

Suluhisho halikutoka kwenye kompyuta. Katika kikao cha saa mbili, wahandisi waligawanya “michoro ya mwisho” kuwa vitu viwili: mchoro wa mizigo na mahali pa bolti, ambao mtengenezaji angeweza kuutoa mapema, na mchoro wa ufungaji, ambao ungesubiri vipimo. Msingi ungemwagwa na matundu ya bolti yakiwa wazi, kisha bolti zingepangwa na kujaziwa zege laini baada ya pampu kuwekwa. Ni utaratibu wa kawaida kwa wajenzi. Ilikosekana tu sababu ya kuutaja mbele ya watu wawili kwa wakati mmoja.

Njia hii ya pili ilikuwa na manufaa, ila ilikuwa dhaifu mno. Ikiwa mtu amebadilisha jina la faili au amelihamisha kwenye seva yake, viungo hukatika. Siku-kazi 17, pamoja na ile moja ya kutafuta kosa ambalo halikuwepo.

22 Machi: Ratiba nyembamba ya makabidhiano

Ile duru ndiyo iliyotufungua macho. Katika kazi zaidi ya 2,300, tulikuwa tunazihitaji zile tu ambazo kitu kinatoka mkono wa shirika moja kuingia mkono wa jingine. Jinsi mkandarasi anavyopanga chuma na mbao ndani ya eneo lake ni shughuli yake. Tulipitia ratiba zote nne, tukiwa na kila mpangaji mezani, tukayatoa makabidhiano 64. Hayo peke yake, pamoja na viungo vinavyoyaunganisha, ndiyo ratiba jumuishi ya mradi sasa.

Kila kabidhiano lina msimbo, mtoaji, mpokeaji, maelezo ya kitu kinachotolewa, ushahidi wa kukipokea, na tarehe mbili. Hizo tarehe mbili ndizo roho ya kazi yote. Ya kwanza ni ile ambayo mtoaji anaahidi, ikitoka kwenye ratiba yake. Ya pili ni ile ambayo mpokeaji anahitaji, ikitoka kwenye ratiba yake. Hatuzipatanishi sisi. Tunaziweka ubavuni na kutoa tofauti, ambayo tunaiita pengo. Awali tulikuwa na tarehe moja tu kwa kila kiungo, na tarehe moja humwezesha kila upande kuamini kwamba ni yake.

Mara ya kwanza tulipozilinganisha, makabidhiano 19 yalikuwa na pengo hasi, yaani ahadi inakuja baada ya hitaji. Matano mtoaji hakuwa anayajua kabisa: mpokeaji aliyaandika kwenye ratiba yake kama jambo ambalo bila shaka mtu fulani atalifanya. Mojawapo ya hayo lilikuwa umeme wa muda wa kuendeshea majaribio ya pampu. Kila mmoja alidhani ni wa mwenzake.

Maelezo ya kitu kinachotolewa yalituchukua muda mrefu kuliko tarehe. Kabidhiano lenye msimbo MK-017 liliandikwa kwanza “kituo cha pampu tayari”. Kwa mkandarasi wa ujenzi, tayari maana yake kuta zimesimama na paa limeezekwa. Kwa mkandarasi wa umeme, tayari maana yake chumba ni kikavu, milango ina kufuli kwa sababu shaba huibwa, mifereji ya nyaya imesafishwa, na vumbi la kupiga lipu limekwisha, maana vumbi hilo huharibu vifaa vya paneli. Kati ya tayari hizo mbili kulikuwa na wiki nne. Vivyo hivyo “msingi umekamilika”: mjenzi alihesabu siku ya kumwaga zege, na mfungaji alihesabu siku ya jibu la maabara, na kwa kuwa uimara wa zege kwa desturi hupimwa ikiwa na umri wa siku 28, tofauti yao ilikuwa kubwa. Tulikubaliana kuandika kwamba msingi hukabidhiwa pale ambapo sampuli zimefikia uimara ambao mbunifu ameutaja kwa ajili ya kubeba pampu, na mbunifu akakubali kwamba majibu ya siku 7 yakitosha, hakuna haja ya kungoja 28.

Sheria tuliyojiwekea ni kwamba maelezo hayajakamilika mpaka mtu ambaye hakuwepo kikaoni aweze kwenda eneo la kazi na kujibu ndiyo au hapana. Neno “tayari” limepigwa marufuku, pamoja na “kwa kiasi kikubwa”.

Siku-kazi 14 kwetu, na takriban tatu kwa kila shirika.

12 Aprili: Tarehe zilizopigiliwa misumari

Mapengo hayakuwa yakibadilika wiki hadi wiki, na hilo lilitutia shaka. Ratiba hai hupumua. Tulichunguza faili la shirika moja tukakuta asilimia 31 ya kazi zake zimefungwa kwa sharti la tarehe maalumu, hivi kwamba kazi iliyotangulia ikichelewa, inayofuata inabaki pale pale kana kwamba hakuna lililotokea.

Kwa kupimia tulitumia vigezo 14 vya wakala wa Marekani unaosimamia mikataba ya ulinzi, DCMA, ambavyo hutumika sana nje ya ulinzi pia. Kwa mujibu wa vigezo hivyo, kazi zenye masharti magumu ya tarehe zisizidi asilimia 5, kazi zisizo na mtangulizi au mfuasi zisizidi asilimia 5, na kazi yenye muda wa akiba unaozidi siku 44 za kazi itiliwe shaka kwamba kiungo kimesahauliwa. Sivichukui kama msahafu. Bomba refu linaweza kuwa na akiba kubwa kihalali. Vinafaa kama maswali ya kuanzia mazungumzo.

Mazungumzo yenyewe yalikuwa magumu. Mpangaji wa shirika hilo alikiri, baada ya kufunga mlango, kwamba misumari ile ilikuwa ya kuficha akiba. Akiionyesha, alisema, wengine wataila. Hoja yake si ya kipuuzi. Swali la nani anamiliki muda wa akiba limegombaniwa miaka mingi katika mikataba ya ujenzi, na hata mwongozo wa ucheleweshaji wa Society of Construction Law ya Uingereza, toleo la pili la mwaka 2017, unalishughulikia kwa kirefu. Sisi tuliandika waraka wa nusu ukurasa, wakuu wote watano wakausaini: akiba iliyo kati ya makabidhiano ni ya mradi, anayeihitaji kwanza anaitumia, lakini lazima atangaze kabla ya kuitumia, akiba iliyo ndani ya kazi za shirika ni siri yake na hatutaiuliza. Ratiba nyembamba ndiyo iliyowezesha maelewano haya. Kama tungeshikilia faili kubwa, tungekuwa tunamtaka kila mmoja avue nguo mbele ya washindani wake.

Misumari iling’olewa ndani ya wiki mbili na mahali pake pakawekwa tarehe za ukomo, ambazo hupiga kengele bila kuzuia hesabu. Siku ya mwisho ya mradi ikaruka mbele mara moja kwa siku 47 za kazi kupita ile iliyo kwenye mikataba. Haikuwa siku njema ofisini.

10 Mei: Asilimia 90, na tarehe mbili kutoka faili moja

Kazi ya bomba kuu iliripotiwa kuwa asilimia 90 kwa wiki tano mfululizo. Mtoa taarifa hakusema uongo: asilimia 90 ya urefu ilikuwa imelazwa. Ila hakuna hata mita moja iliyokuwa imepita jaribio la shinikizo la maji. Kwenye mipaka ya mashirika tumeacha kupokea asilimia. Tunapokea jambo moja tu, saa za kazi zilizobaki, na kabidhiano lenyewe ni ndiyo au hapana. Mkandarasi anayetaka asilimia kwa ajili ya malipo yake anaendelea nazo, akigawa uzito kati ya kuchimba, kulaza, kufukia na kupima.

Taarifa zote sasa zinakatwa Alhamisi saa 11 jioni. Kabla ya hapo umri wa taarifa ulitofautiana hadi siku tisa, na mapengo kadhaa tuliyoyagombania yalikuwa tofauti ya umri tu.

Kisa kilichotushangaza zaidi ni cha faili la P6. Mpangaji wa mitambo alituma faili na barua inayosema kazi yake itaisha tarehe fulani. Mwenzangu alilifungua faili lile lile, akapiga hesabu, akapata siku 23 baadaye. Tulirudia mara tatu. Chanzo kilikuwa mpangilio mmoja unaoamua la kufanya kazi inapoanza kabla ya mtangulizi wake kwisha. Mafundi walikuwa wameanza kuvuta nyaya kabla trei za nyaya hazijamalizika kufungwa. Kwa mpangilio wa kwanza, unaohifadhi mantiki, programu husema kwamba sehemu iliyobaki ya nyaya ingoje trei zikamilike. Kwa mpangilio wa pili, unaotanguliza maendeleo, husema kwamba kwa kuwa nyaya zimeanza, kiungo hakina nguvu tena. Yeye alikuwa kwenye wa pili, sisi kwenye wa kwanza.

Tumechagua kuhifadhi mantiki kwa mashirika yote, kwa kuwa mpangilio ule mwingine hufuta swali badala ya kulijibu. Lakini hatuiachi programu iamue. Kila kazi iliyoanza nje ya mpangilio hupelekwa kwa mhandisi mhusika aeleze ukweli ulivyo eneo la kazi. Katika kisa hiki ukweli ulikuwa katikati: nyaya za chumba kimoja hazikuhusiana na trei za chumba kingine, kazi ikagawanywa kwa vyumba, na tofauti ikawa siku sita. Siku-kazi 4, nyingi zake zikiwa za kuamini kwamba hatujapagawa.

7 Juni: Ratiba ya msingi

Ratiba ya msingi ni nakala ya ahadi ambayo maendeleo hulinganishwa nayo. Shirika moja lilituma taarifa isiyo na ucheleweshaji hata mmoja, katika wiki ambayo mvua ilisimamisha kazi kwa siku nne. Walikuwa wamehifadhi ratiba yao ya sasa juu ya ile ya msingi, hivyo kila kitu kililingana na chenyewe. Tuliulizana kama ilikuwa bahati mbaya, tukaamua kutouliza zaidi.

Nakala ya msingi ya makabidhiano sasa inakaa kwetu, ikiwa imefungwa dhidi ya kuandikwa, na kila shirika lina nakala ya kusoma. Mabadiliko yakikubaliwa na pande zote mbili za kabidhiano, tunahifadhi msingi mpya bila kufuta wa zamani. Microsoft Project hubeba hadi 11 katika faili moja, nasi tumetumia mitatu. Kila msingi una barua yake inayoeleza kilichobadilika na nani alikubali. Siku-kazi 2.

28 Juni: Hali ilivyo

Makabidhiano yamekuwa 71. Manane yaliongezwa, moja likafutwa na msimbo wake umezikwa nalo. Kuhuisha ratiba jumuishi kunachukua saa tano kwa wiki, badala ya zile siku tatu ambazo faili kubwa lingedai. Mapengo hasi yameshuka kutoka 19 hadi 6. Siku ya maji kufika ilikuwa nyuma ya mikataba kwa siku 47 za kazi, na sasa ni 29. Siku 11 zilipatikana kwa kukabidhi kituo cha pampu chumba kwa chumba, chumba cha paneli kikitangulia, na siku 7 kwa kulipima bomba vipande vipande vya takriban kilomita mbili badala ya kungoja lilazwe lote. Mapendekezo yote mawili yalitoka kwa wakandarasi wenyewe walipoona pengo lao limekaa kando ya la mwenzao kwenye karatasi moja.

Jumla ya gharama upande wetu hadi leo, bila saa za kila wiki, ni siku-kazi 66 ukihesabu na 7 zilizotumika katika uchunguzi wa Aprili. Zile 39 za majaribio mawili ya kwanza msomaji anaweza kujiokolea, isipokuwa kwamba duru ya misingi na pampu tusingeiona bila kuyaunganisha mafaili angalau mara moja. Ningefanya hivyo tena, mara moja, kisha ningeliweka kando faili mama.

Linalosumbua sasa ni MK-058. Kampuni ya udhibiti inahitaji orodha kamili ya ishara zinazopita kati ya mitambo na mfumo wa udhibiti, kutoka kwa mkandarasi wa mitambo, kabla ya kufanya jaribio la kiwandani la programu zake, na ahadi iko siku tisa baada ya hitaji. Mtoaji anasema orodha inasubiri aina ya valvu ambazo mshauri bado hajaziidhinisha, na hilo halimo katika makabidhiano yetu 71. Jumanne tutakaa watatu kuliandika, litakuwa MK-073.